Mkasi wa Yudith, Mti wa Mika

Kwaru, kwaru, kwaru; msishtuke wanangu, sauti iliyowaamsha usiku wote huu ni mimi tu mama yenu, nanoa mkasi wa babu yenu Anania, baba yangu, maana alfajiri lori la misheni linanipeleka hospitali kupasuliwa tumbo, na bibi yenu Damari, mama wa baba yenu, sasa amelala, sogeeni, Yudith mfunike mdogo wako, mnisikilize kabla pumzi haijakatika.

Ule mti mdogo, tunaoupunguza kila mwaka usirefuke, ambao bibi aliamuru utolewe chunguni ukapandwe shambani, akisema, “Mwanamke huyu kafunga mti, kafunga na mtoto, ndiyo maana Mika hakui,” ule uliopandwa siyo wetu, nilimpa mche wa porini. Wetu uko kwa mama mkubwa Tekla, nyuma ya jiko. Na wewe Mika, babangu, u mfupi kwa sababu babu yako alipanda kigoda hata kutundika kofia, basi, mti hauna kosa.

Ni mzeituni mwitu. Babu aliutoa kwenye ufa wa mwamba kule Mufindi, mimi sijazaliwa, na bwana mmoja wa mashamba ya chai akataka kumpa baiskeli mpya wabadilishane, babu akacheka: “Yako inachakaa kila mwaka, wangu unazidi.” Thamani yake siyo udogo, wanangu, ni kwamba hakuna kiangazi ambacho ulisahauliwa maji, na kila kovu la shina lina mkono wa mtu; lile pana ni la babu, lile la upande ni langu, nilikata vibaya nikiwa na mimba yako Yudith, babu akanifinya sikio, mti ukaliziba polepole. Mkasi nao hivyohivyo, mhunzi Jailos aliufua kwa springi ya lori, umenolewa mpaka umekonda, msimpe mtu akatie waya, na mkimaliza upakeni mafuta.

Mvua za kwanza zikikaribia, utoeni chunguni, punguzeni mizizi ubaki mdogo, urudisheni na udongo mpya. Atakuja mwenye huruma awaambie muupande ardhini upumue. Mkikubali utakuwa mti kama miti mingine, na mkono wa babu hautaonekana tena.

Mti ni wa Mika, mkasi wa Yudith, makusudi, mkinuniana mkose la kufanya. Kidole kimoja hakivunji chawa. Bibi msimchukie, anampenda Mika, hofu tu imemkaa. Mchoteeni maji.

Yudith, shika mkasi... naogopa, wanangu... ngojeni nipumue. Mungu awape mikono ya babu yenu, na awalaze pamoja, na asubuhi awaamshe pamoja.

Siku Mika atakapogusa kizingiti cha juu cha mlango huu, mpelekeeni bibi mti na chungu chake auone mwenyewe. Mpaka hapo, siri hii ni ya Tekla na ninyi, basi. Niahidini. Yudith? Umeahidi, ahsante, mama yangu. Mika?

Unasemaje, babangu... sema tena. Hata usipokua, humwambii mtu mwingine?

Haya, babangu. Haya.