Sikio la Bwana Harusi

MWENYEKITI: Haloo? Ni nani? Ongeza sauti, hapa kuna nyundo.

NESI: Shikamoo, Mwenyekiti. Ni nesi wa kituo cha wanyama.

MWENYEKITI: Marahaba. Kituo kile cha— [mtandao unakwaruza] —kile cha visu?

NESI: Hichohicho. Habari za nyumbani?

MWENYEKITI: Nzuri. Ila kama unataka niwapigie debe hiyo huduma yenu ya bure ya kuhasi paka na mbwa, jibu nilishatoa mkutanoni. Kiumbe aachwe alivyoumbwa. Nukta.

NESI: Tulikusikia, ulikuwa na kipaza sauti. Mimi nimepiga kuhusu paka. Tulitega vizimba nyuma ya bucha, tunawakusanya wale wanaozurura. Kimoja kimenasa dume mweupe, ana mabaka meusi, tumbo kama la mheshimiwa. Mkanda wake wa shingoni una namba hii—

MWENYEKITI: Bwana Harusi!

NESI: Nani?

MWENYEKITI: Ndilo jina lake! Dada, nakuomba, msimguse! Weka kisu chini sasa hivi!

NESI: Mwenyekiti—

MWENYEKITI: Huyo ndiye dume wa mtaa! Kila kipaka chenye mabaka unachokiona huku ni damu yake! Mkimharibu nawaletea—

NESI: Tulia basi. Hatujamgusa. Wala hatuna sababu.

MWENYEKITI: [anashusha pumzi] Alhamdulillahi. Moyo ulishafika kooni. Unajua, mimi nyumbani nina mabinti watano. Wanaume humu ndani ni wawili tu, mimi na huyo paka. Tunashikiliana.

NESI: Mungu awakuze hao mabinti. Sasa hiyo nyundo ni ya nini?

MWENYEKITI: Kitanda cha mtoto.

NESI: Oo, hongera! Mmepata mjukuu?

MWENYEKITI: Mjukuu wapi! Mwaka mzima mimi na mama watoto tunaomba. Safari hii ni wa kiume, nahisi kabisa. Nikasema nitangulize kitanda, mwenyewe atafuata.

NESI: Haya, Mwenyekiti na utani wako. Basi njoo umchukue Bwana Harusi kabla hatujafunga.

MWENYEKITI: Nakuja. Lakini umesema hamna sababu. Kwa nini? Mmeniogopa, eh?

NESI: Hapana. Tumemkuta tayari.

MWENYEKITI: Tayari nini?

NESI: Alishahasiwa. Si ana sikio la kushoto limekatwa ncha? Hiyo ndiyo alama yetu. Paka tukimmaliza tunamkata hapo, asije akapasuliwa mara ya pili.

MWENYEKITI: [anacheka] Wee! Sikio lile aling'atwa vitani, akigombea jike. Aliondoka asubuhi, akarudi usiku anapepesuka. Mtaa mzima nimewahadithia!

NESI: Kupepesuka ni dawa ya usingizi, Mwenyekiti.

MWENYEKITI: Na vile vipaka vya mabaka?

NESI: Vitakuwa vya dume wa buchani. Naye leo tumemnasa.

MWENYEKITI: [mtandao unakwaruza] Nani alimleta huko? Nani alithubutu?

NESI: Si wewe ulimtuma mama?

MWENYEKITI: Mama gani?

NESI: Mama watoto wako. Mwaka jana, wakati wa mvua, na kikapu chake chenye mfuniko wa kijani. Alisema, "Mwenyekiti ndiye kanituma, ila anaona haya kuja mwenyewe." Ndiyo maana ulipotuchachamalia mkutanoni hatukukasirika. Tulijua unazuga tu.

MWENYEKITI: [nyundo inaacha kugonga]

NESI: Haloo? Upo?

MWENYEKITI: Nipo.

NESI: Nyundo imenyamaza, nikadhani mtandao. Mama yule mcheshi sana jamani! Alikuja ametokea kliniki ya akina mama hapo mkabala, anatembea polepole, kajishika tumbo. Nikamwambia kaa. Akanicheka, akasema, "Leo ndiyo leo, nesi. Mimi asubuhi, huyu mchana, tumefunga—" [anakatika] Mwenyekiti... ulikuwa unajua, si ndiyo?

MWENYEKITI: Kufunga nini? Kizazi?

NESI: Yarabi. Mdomo wangu huu. Nisamehe, mimi nilidhani—

MWENYEKITI: Alilia?

NESI: Paka?

MWENYEKITI: Si paka.

NESI: Hakulia. Alilala pale kwenye benchi, kikapu mapajani, hata makelele ya mbwa hayasikii. Tulimwamsha wakati wa kufunga. Akasema tangu azaliwe yule wa tano, hajapata usingizi kama ule.

MWENYEKITI: Wa tano alitaka kumuua.

NESI: Ndivyo alivyosema.

MWENYEKITI: Daktari alituonya wote wawili. Mimi nilimwambia daktari ni nani, kupanga ni kwa Mungu. [anakohoa] Aliniambia paka katoroka. Na yeye akasema alikuwa kwa dada yake. Mimi nikabaki nahadithia watu vita vya paka.

NESI: Mwenyekiti, usije ukamgombeza—

MWENYEKITI: Subiri. [kwa pembeni] Naam, mama watoto? ... Hapana, sijachoka. ... Kituo cha wanyama. Nesi. ... Ndiyo, yule nesi.

NESI: Kakusikia? Anasemaje?

MWENYEKITI: Kauliza mbona nimeacha kugonga. Sasa kasimama mlangoni na chai. Nesi, paka analala kwenye kitanda cha mtoto?

NESI: Paka? Paka analala popote penye joto.

MWENYEKITI: [kwa pembeni] Kitanda? Nimebadili mawazo, mke wangu. Hiki ni cha Bwana Harusi. ... Ndiyo. Cha paka. Basi.

NESI: Kasemaje?

MWENYEKITI: Kaweka chai chini. Anakaa. [mtandao unakwaruza] Nesi, nakata, analia huyu. Paka nitakuja kum—

NESI: Tunafunga saa kumi na moja! Mwenyekiti? Haloo?