Jua la Saa Saba Linaingilia Wapi?

Benchi letu limeegemea ukuta wa kinyozi, na kinyozi mwenyewe ni mimi. Msimu wa joto ukichachamaa watu hawaji kunyoa, wanakuja kukaa tu, wanakunywa kahawa yangu na kupanga dunia iendeshwe vipi. Siku hiyo tulikuwa wanne. Kulikuwa na Pangaboi, fundi wa mafeni, aliyepewa jina hilo kwa sababu mikono yake haitulii akiongea. Kulikuwa na Breki, dereva mstaafu wa malori, mtu wa kukataa jambo kabla hajalisikia. Mimi. Na Cheche, fundi wa kuchomelea kwenye karakana ya pili kutoka hapa. Cheche alikuwa ameshika kikombe bila kunywa, tukajua kuna neno.

— Mama alianguka jana, alisema. Mchana. Jirani alisikia kishindo, akamkuta sakafuni, midomo imekauka.

— Wee! Yuko hospitali?

— Alitundikiwa maji, wakamruhusu. Lakini daktari kasema akizidi kushinda kwenye joto lile, safari nyingine huenda tusimuwahi.

Mama yake tunamjua wote. Alihamia kwa mwanawe baada ya kufiwa na mume, na kila akipita hapa huniambia kichwa changu kinahitaji kinyozi.

— Na feni je? Pangaboi akauliza, kama mtu aliyetukaniwa mwanawe. Ile niliyoifunga mwenyewe?

— Inazunguka kutwa. Inampulizia moto. Umeme unakwisha mbio na chumba kiko vilevile. Leo natafuta kiyoyozi.

— Kiyoyozi kwa nyaya zile za kwako? Utaunguza nyumba, kaka. Sikiliza. Feni moja ndiyo kosa. Zinatakiwa mbili. Moja inaleta hewa, nyingine inafukuza. Hewa inaingia mlangoni, inamwamkia mama, inatokea dirishani.

— Acha hizo bwana, akasema Breki. Unafukuza hewa ya moto, na inayoingia nayo ya moto. Hapo si umebadilisha mwizi kwa mwizi?

— Haya, leta yako.

— Friji. Fungua mlango wa friji, feni iweke mbele yake. Nililala hivyo gesti moja safarini, alfajiri naomba blanketi.

— Friji inatoa joto mgongoni! Kapeleke mkono nyuma yake uone.

— Basi toboa ukuta, mgongo utokeze nje.

— Kwa jirani?

— Jirani naye atajua la kufanya.

Mimi nikaona nisipitwe.

— Mwagieni maji bati, nikasema. Mpira juu ya paa kutwa nzima.

— Na mama achemke kwa mvuke kama kiazi? Pangaboi akanijia juu.

Breki akaweka kikombe chini. Huwa anakiweka chini akitaka kusema jambo kubwa.

— Lori langu lilikuwa linapanda mlima na saruji mpaka juu, injini haichemki. Kwa nini? Rejeta! Nyumba ni injini tu, jamani. Cheche, wewe chuma ndiyo kazi yako. Zungusha mabomba ukutani chumba kizima, maji yapite ndani, pampu isukume.

— Pampu itakula umeme kuliko hata kiyoyozi.

— Ya pedali, kama baiskeli.

— Apige nani hizo pedali?

— Cheche. Kwani mama ni wa nani?

— Mimi naona tuliinue paa, akasema Pangaboi, mikono imeshafika angani. Jeki za lori kila kona. Asubuhi unalipandisha joto litoke, jioni unalishusha mlale.

Nilicheka mpaka nikamwaga kahawa. Kisha nikamtazama Cheche. Ameokota msumari, anachora mabomba kwenye vumbi, anapima kwa vidole kona zitakazokunjwa. Hapo kicheko kikaniisha. Yule mtu alikuwa anatuamini.

Ndipo shemeji yetu akafika, mke wa Cheche. Anafanya kazi kiwanda cha sabuni, siku hiyo alikuwa ameomba ruhusa. Alikuwa anatoka duka la dawa, ameshika pakiti za chumvi ya kuchanganya kwenye maji.

— Hamjambo shemeji zangu. Baba watoto, mama nimemwacha na jirani. Hebu niambie kitu kimoja. Saa saba mchana, jua linaingilia dirisha gani chumbani kwake?

Cheche akainua uso.

— La mbele... nadhani.

— Unadhani?

— Madirisha yote ya nyumba ile nimeyachomelea mimi, mama watoto.

— Sijauliza nani kayachomelea.

Akatugeukia.

— Na kwenu, shemeji? Jua la saa saba linaingilia wapi?

Pangaboi akafungua mdomo, mikono ikabaki mapajani. Breki akaanza, "Haiwezekani...", akaishia hapo. Mimi nilijaribu kuiona nyumba yangu mchana, nikaona kiti cha kunyolea tu. Chakula cha mchana nakula hapa hapa dukani, miaka nenda rudi.

— Msijisikie vibaya, akasema. Mimi natoka alfajiri narudi jioni. Na mimi sijui. Ndiyo maana nauliza.

Cheche akasimama, akaifuta michoro yake kwa kiatu.

— Kinyozi, funga duka. Twende tukaone.

Breki na Pangaboi walibaki benchini; mimi na Cheche tukamfuata shemeji, saa saba ikigonga. Tulipoingia, mama hakuwa kitandani. Alikuwa kwenye kigoda katikati ya ujia, karibu na mlango wa bafu, nyayo peku juu ya saruji yenye unyevu. Jirani alikuwa kizingitini anachambua mboga.

— Shikamoo mama, nikasema.

— Marahaba. Kile kichwa bado hujakipeleka kwa kinyozi?

— Mama, akasema Cheche, mbona umekaa huku? Kitanda kina nini?

— Kitanda kina mtu, mwanangu.

— Nani?

— Nenda kamtazame.

Tukaenda. Jua lilikuwa limelala kitandani, kutoka kwenye mto wa kulalia hadi miguuni. Lilipitia dirisha la upande, pana, la kioo kitupu. Dirisha lile Cheche alilitengeneza mama alipohamia, kwa mapenzi yake, apate mwanga na kuwaona wapita njia. Upande wa pili wa ukuta ndiko jikoni: friji imebanwa ukutani, na maharage ya jioni yanatokota juu ya jiko la umeme. Niligusa ukuta nikaondoa mkono. Na feni inazunguka kwa nguvu zake zote, inalipepea shuka.

Cheche akaizima. Akarudi ujiani, akakaa chini sakafuni miguuni pa mama yake.

— Siku zote unashinda hapa?

— Hapa pana ubaridi.

— Na jana ulianguka ukitoka hapa?

— Nilikuwa nainuka. Miguu ilikufa ganzi.

— Kwa nini hukusema, mama?

— Mlileta feni nyumba nzima mnacheka. Mkanipigia makofi nikibonyeza swichi. Ningesema nini?

Cheche aliuweka mkono wa mama kichwani pake mwenyewe, akauacha hapo. Sisi wengine tukajifanya tunaangalia mboga.

Alipoinuka aliinuka kikazi. Kitanda tulikibeba wawili mpaka chumba cha nyuma, kile cha magunia na ndoo, chenye kidirisha kinachotazama ukuta wa jirani na kisichopata jua kutwa. Friji tuliivuta mbali na ukuta. Jioni ile ile alichomelea ukingo wa bati juu ya dirisha pana, kama kofia iliyoshushwa machoni, na mkewe akalitundikia pazia zito. Maharage sasa yanapikwa alfajiri. Jua likichomoza wanafunga madirisha yote, likizama wanayafungua, upepo wa usiku unaingia bure.

Breki alisema haiwezekani, madirisha hayafungwi wakati wa joto. Kesho yake mchana akatoweka kijiweni. Alirudi shati limelowa jasho, akatutangazia kwa sauti kwamba kwake jua linaingilia sebuleni, juu ya kiti anachokaa mke wake, na kwamba asiulizwe zaidi. Pangaboi naye alikwenda kwake, hakutuambia alichokiona, ila niliona amenunua kitambaa cha mapazia.

Wiki iliyofuata Cheche akaja benchini kwa kuchelewa, saa ambayo karakana huwa imeshapamba moto.

— Vipi mama? nikamuuliza.

— Amelala.

— Saa hizi? Haumwi?

— Haumwi. Amelala tu. Anakoroma, kinyozi! Nimekaa mlangoni namsikiliza mpaka nikasahau kwamba nilifuata chakula.