Siku Meli ya Wajerumani Ilipotupita

Kijiwe chetu ni kiti kirefu kilichong'olewa kwenye basi bovu, kikaegemezwa ukutani hatua hamsini kutoka lango la bandari, pale anapouza kahawa Mama Birika tangu alfajiri mpaka birika likauke. Wenye kiti ni wanne. Yupo Kapteni, aliyeendesha folklifti bandarini miaka ishirini na moja na hajawahi kupanda meli hata ya kusindikiza mtu. Yupo Fundi Simu, meza yake iko hapo hapo ubavuni, na habari zote za dunia humfikia kupitia simu za watu anazozifungua. Nipo mimi, shahada ya isimu, daraja la kwanza, mwaka wa nne huu nawaandikia watu wasifu wa kuombea kazi ambazo mwenyewe nimenyimwa. Na yupo Tai, aliyepata jina hilo kwa tai moja nyekundu asiyoivua hata akinyoa ndevu.

Asubuhi hiyo Tai alikuwa kati yetu, kikombe mkononi, hanywi. Saa nne ingeingia meli ya watalii na kushusha Wajerumani arobaini, na yeye ndiye angewatembeza mjini. Siku ya majaribio. Akifaulu, kazi ni yake msimu mzima. Tatizo lilikuwa moja tu: wasifu wake ulisema Kijerumani anakimwaga kama maji, na Kijerumani hakijui. Aliyeandika ni mimi. Niliona pengo pale penye "lugha nyingine", nikaliziba. Pengo kwenye wasifu huniuma kama jino.

Kwa hiyo kijiwe kizima kilikuwa kimemfundisha wiki tatu. Nilichota sentensi arobaini kutoka kwenye simu, nikaziandika kwa herufi zetu, "maine damen unt heren" na ndugu zake, nikazipanga kwa kufuata njia. Sentensi ya sita chini ya saa kubwa, ya kumi na moja soko la samaki, ya thelathini kwenye ngazi za mahakama. Kapteni alikuwa akitembea nyuma yake, yeye ndiye Wajerumani arobaini. Kasoro ya mpango ni kwamba sentensi zilikwenda mbele tu. Mtalii mmoja akiuliza swali mahakamani, Tai angemjibu habari za samaki.

— Mwanangu, kunywa, alisema Mama Birika. Hiyo si kahawa tena, ni maji ya kunawa.

— Nikimeza hii, Mama, naimeza na sentensi ya tisa.

Saa tatu na nusu mlinzi wa langoni alikuja kuchukua kikombe chake. Akasema, huku anapuliza moshi wa kahawa, kwamba meli ya Wajerumani haiingii. Imetupita, imekwenda bandari ya mbele. Akarudi langoni kwake kama mtu aliyetutangazia mawingu.

Wa kwanza kuwaka nilikuwa mimi. Nililaani kampuni ya meli, nikalaani nahodha, nikalaani dunia nzima inayobadili mawazo juu yetu bila hata kupiga simu. Nilisema wanatufuta kwenye ratiba kama unavyofuta namba ya mtu aliyekufa. Nilikuwa na mengi. Kapteni akanikata.

— Ni kina cha maji, akasema. Wale watu wanakula mno. Siku ya kumi meli ina uzito mara mbili ya ilivyoondoka. Ikiingia hapa inakwama.

— Kina gani, kaka? Fundi Simu hakuinua macho kwenye simu aliyokuwa akiichokonoa. Ni kura. Mle ndani wanapigia kura kila kitu, hata supu.

— Wamepiga kura wasituone?

— Wamepiga kura walale.

Kapteni hakupenda kushindwa na mtu wa bisibisi. Akashusha sauti, akatueleza kwamba anavyojua yeye nahodha ana mchumba hapa na mwingine bandari ya mbele, na huyu wa mbele ndiye aliyenuna wiki hii. Mama Birika aliguna. Fundi Simu akaweka bisibisi chini, na hapo tukajua linakuja kubwa.

— Niwaambie ukweli? Meli ya watalii ni moja tu duniani. Wanaipaka rangi upya kila wiki. Leo rangi haijakauka.

— Mimi nimezishushia mizigo, bwana. Kwa mikono hii.

— Umeishushia hiyo hiyo moja. Miaka ishirini na moja.

Wakati wenzangu wanagombea meli isiyokuwepo, mimi nilikuwa namwangalia Tai. Alikuwa ameomba kikombe cha pili, na sukari iongezwe. Alikuwa ameilegeza tai, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu niliiona shingo yake. "Inauma sana, ndugu zangu," alisema, kwa uso wa mtu aliyeng'olewa jino dakika hiyo. Uso huo naujua. Niliuvaa siku intavyuu yangu ya mwisho ilipoahirishwa. Nilimshukuru Mungu mpaka kituo cha basi, kisha nikaanza kutukana mpaka nyumbani.

Hapo ikapiga honi.

Meli nyingine kabisa. Nyeupe, inapita kreni kwa ghorofa tano, na hapakuwa na mtu aliyeitaja. Mlinzi alituambia kwa ishara na nusu ya maneno: ilikuwa inakwenda kisiwani, upepo umekataa, imetumwa kwetu. Baada ya nusu saa abiria wakaanza kutoka langoni. Walikuwa wamevaa nguo za kuogelea. Miwani ya kuzamia kichwani, viatu vya mapezi kwapani, taulo mabegani, wamesimama katikati ya makontena. Bwana mmoja aliikodolea macho kreni kana kwamba imemtukania mama yake. Mwingine alimgombeza mlinzi kwa ajili ya upepo, na mlinzi akawa anaomba radhi, kwani kazi ni kazi. Vijana wawili walipiga picha makontena, kila rangi na picha yake. Mke na mume wakapita mbele yetu wamenuniana, kila mmoja na ramani ya kisiwa ambacho hawakukiona.

Mama mmoja wa rika la bibi yangu hakufuata mtu. Alikuja moja kwa moja kwenye kiti chetu, akauliza kwa mkono kama pana nafasi. Kapteni akasogea. Mama Birika akamtilia kahawa bila kuulizwa. Yule bibi akanywa, akafumba macho, kisha akasema kwa Kiingereza, nami hapa nageuza tu, kwamba ndani ya meli ile hakuna mwenye furaha kama yeye.

Hajui kuogelea. Miaka yote amewasimulia wajukuu zake kwamba usichana wake aliumalizia chini ya bahari, mzamiaji hodari. Hadithi za kuwalaza watoto. Wajukuu wamekua, wamechanga, na kwa kutimiza kwake miaka sabini wanampeleka kisiwani akazame nao. Siku ya kuzama ilikuwa leo. Hajalala wiki nzima. Nahodha alipotangaza upepo, meli nzima iliguna. Yeye aliingia chooni akacheka.

Tai alicheka mpaka kahawa ikamwagikia goti. Kisha, bila kushawishiwa na mtu, akamweleza yote: wasifu, sentensi arobaini, samaki, mahakama. Kiingereza chake ni kizuri, hapo kwenye wasifu sikudanganya. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kitu kimoja tu.

— Kwani kazi yenyewe ilihitaji Kijerumani?

Kapteni akamtazama Fundi Simu. Fundi Simu akanitazama mimi. Mama Birika akaweka birika chini, naye akanitazama. Mimi, daraja la kwanza, tangazo la kazi sikuwahi kulisoma. Tai alinieleza kwa mdomo, nikaona fomu, nikaona pengo. Wiki tatu tumemkaririsha mtu kama kasuku, na katika sisi wote hakuna aliyewahi kuuliza.

— Mpigie huyo dada wa kampuni ya utalii aliyekupa majaribio, alisema Mama Birika.

— Mama, si nitafukuzwa?

— Utafukuzwa wapi? Meli si imepita?

Tai alikwenda kupigia kwenye meza ya Fundi Simu, ametupa mgongo. Tulisikia vipande. Ndiyo, dada. Hapana, dada. Hata moja mpaka kumi siwezi, dada. Kisha ile tai ikawa inazungushwa kidoleni, inafunguliwa, inazungushwa tena. Yule bibi alikuwa amekishika kikombe kwa mikono miwili, kama anayesubiri majibu ya hospitali ya mtu wake.

Tai akarudi, akakaa.

— Anasema Wajerumani wana mkalimani wao, wanatembea naye. Anasema alishangaa, mtu wa lugha zote hizo anataka nini kwake. Alitaka tu mtu anayejua njia za mkato, ngazi gani ina utelezi na choo safi kiko wapi. Na awahesabu watu wakirudi kwenye basi. Meli itaingia hapa Alhamisi, niende. Kijerumani kaniambia nikiache nyumbani.

Kapteni alimpiga mgongoni mpaka akakohoa. Mimi nilikuwa na hasira tayari, imechemka, ikatafuta wa kumwangukia, ikamkuta aliye karibu zaidi ni mimi. Nikacheka. Sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini.

— Na wewe, bibi? Tai aliuliza. Hao wajukuu utawaambia?

— Keshokutwa kuna kisiwa kingine, alisema. Akaitazama meli, akamaliza kahawa yake. Nitawaambia leo, wakati wa chakula. Kabla ya supu.

Akasimama, akakung'uta taulo, akauliza choo kiko wapi. Kapteni akageukia makontena. Yeye kwa miaka yote ile choo chake kilikuwa nyuma yake. Fundi Simu akajifanya anatafuta bisibisi. Tai alikuwa ameshasimama, anaikaza tai yake.

— Karibu, bibi. Hapo mbele tu, kulia. Ngazi ya tatu ina utelezi.

Mama Birika akainamisha birika juu ya kikombe changu. Likatoa matone mawili, basi. Kule kwenye kona Tai aligeuka, akanyoosha kidole, akahesabu. Kichwa kimoja, kimetimia.