Taa ya Sebuleni

Jioni hiyo benchi la nje ya kinyozi lilikuwa na watu wake wa siku zote. Hakimu, kinyozi mwenyewe, aliyebandikwa jina hilo kwa kukata hukumu hata kwa yasiyomhusu. Betri, fundi simu. Muuza kahawa na buli lake. Na Winchi, anayeendesha ile winchi ndefu ya ujenzi inayoonekana mtaa mzima. Winchi alikuwa ameinamia simu, kanuna. Binti yake aliyeolewa mbali hakuwa amemwomba kitu tangu mama yake afariki, ila hiki kimoja: picha ya nyumbani kutoka kule juu, wakati wa magharibi, taa ya sebuleni ikiwaka. Keshokutwa winchi inafunguliwa vipande vipande. Imebaki jioni moja tu, na picha zote alizokwisha kupiga ni ukungu mtupu.

— Lete nione, Hakimu akaipokonya simu. Hii nyumba au uji umemwagika?

— Kule juu kunayumba, bwana, Winchi akasema. Hata nikizima mashine, upepo unaitikisa. Mchana haina neno, picha inanasa papo hapo. Jua likizama, kamera inakodoa jicho kutafuta mwanga, na mimi huku nabembea.

— Si uifunge simu kwenye chuma cha kibanda? Muuza kahawa akauliza.

— Chuma chenyewe ndicho kinachotikisika!

— Nisikilize mimi, mzee wangu, Betri akasema. Winchi haiyumbi ovyo. Inakwenda, inafika mwisho, inatulia kidogo, ndipo inarudi. Bana viwiko mbavuni, piga picha mfululizo, usihesabu. Moja itaangukia pale inapotulia.

— Kelele, wewe! Hakimu akadakia. Mtu anabana pumzi tu. Mimi nikinyoa mtoto mtukutu, sipumui mpaka nimalize.

— Kwani kinachoyumba ni pumzi yake? Betri akauliza.

— Basi aning'inize ndoo ya zege kwenye ndoano, winchi itulie kama bibi harusi.

— Ndoo si ndiyo itabembea zaidi?

— Mimi naona mtaa mzima tuwashe taa, muuza kahawa akasema. Na magari yawashe. Iwe mchana!

— Afadhali nyumba ndiyo ibembezwe, Hakimu akahitimisha, ifuatane na winchi, huku na huku.

Wakacheka mpaka benchi likalia. Winchi naye alicheka, lakini kicheko chake kiliishia mdomoni.

Pembeni alikuwa ameketi fundi saa aliyehamia mtaani siku chache nyuma. Aliinama, akaitazama ile picha.

— Samahani, ndugu zangu, mie mgeni. Wewe jua linazama ukiwa huko juu. Sasa hiyo taa nani anaiwasha?

Muuza kahawa akajitia kutafuta mfuniko wa buli. Wote walikwenda kumzika mkewe Winchi, na wote, Mungu awasamehe, hawajavuka kizingiti chake tangu msiba ule uishe.

— Naiwasha mwenyewe, Winchi akasema. Asubuhi, nikitoka. Niwe na kitu cha kutazama giza likiingia. Na binti yangu nilimwambia nyumba haikosi watu jioni. Nilimdanganya. Kila nikisali nalikumbuka hilo.

Hakimu akamrudishia simu yake.

Winchi akatoa ufunguo mfukoni, akamwekea kinyozi kwenye goti.

— Picha niachie mimi, nitaipiga kesho kama alivyosema Betri. Wewe usiingie kwanza, picha ionyeshe nyumba tupu kama ilivyo, nisije nikamdanganya mtoto mara ya pili. Nikishaipiga nitakupigia simu.

— Halafu nifanye nini? Hakimu akauliza, sauti imemshuka.

— Ingia ukae, ndugu yangu. Nikirudi nikukute.