Erastus Kioko, Aliyekigeuza Choo cha Mtongwe

“Shikamoo umetoa, maji umekunywa, sasa nisikilize. Hicho choo chako miezi mitatu watu wanakipita tu, na wewe unaenda kuandika ati watu wa Mtongwe hawapendi usafi?”

Huyo alikuwa Mzee Hashim, barazani kwake, mwaka 2013. Marehemu Erastus alikuwa amekwenda kumuuliza kwa nini choo kipya cha mtaa hakiingiwi na mtu.

“Mzee, tulikaa mikutano mitano. Hakuna aliyekataa.”

“Tulisema inshallah.”

“Ndiyo, mlisema inshallah.”

“Basi. Mtu akichutama mle ndani anaelekea kibla. Akigeuka, anakipa kibla mgongo. Akachutame wapi, juu ya bati? Na msikiti uko pale, kijana, unauona.”

Marehemu alituambia baadaye kwamba alichoka palepale, akaomba maji tena.

Erastus Kioko alizaliwa tarehe 14 Machi 1986 huko Masii, Machakos, kifungua mimba wa Mama Margret na marehemu Mzee Kioko, aliyefanya kazi kiwandani Changamwe. Alilelewa na nyanya yake kulekule Masii, huku Mombasa akija likizo tu.

Alisoma Masii msingi na sekondari, akamaliza mwaka 2004. Mwaka 2006 aliitwa chuo kikuu Maseno kusomea mipango ya miji na jamii. Nyanya alielewa ni mambo ya kupanga uzazi, akamwonya asiyataje kanisani. Mpaka nyanya anafariki, majirani zake walikuwa wanajua mjukuu ni daktari wa akina mama, na marehemu aliwaacha wajue hivyo kwa sababu kueleza kulikuwa kunamchosha.

Alimaliza mwaka 2010. Wenzake wa darasa walitawanyika. Wawili waliingia serikalini, mmoja anauza ploti, mmoja yuko benki na hataki kusikia habari za mipango. Yeye alipata kazi kwenye shirika moja la maji na usafi, mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Ilikuwa kazi ya kukaa na watu, kuuliza wanataka nini na kiwekwe wapi, halafu kuchora. Choo cha Mtongwe alikichora yeye mwenyewe.

Siku ile alipotoka kwa Mzee Hashim alikwenda moja kwa moja kwa mkubwa wake kuomba arudi akirekebishe. Akaambiwa choo kimeshafunguliwa, picha zimeshatumwa, na kuna mradi Kisauni unamngoja. Akasema Kisauni haendi mpaka watu wa Mtongwe waingie chooni. Basi mkataba wake haukuongezwa. Alirudi Mtongwe na fundi mmoja, wakavunja sakafu na kuyageuza masinki yote ya kuchutamia yakatazama jua linakotoka, kibla kikabaki ubavuni. Siku ya kwanza Mzee Hashim alisimama nje akatazama tu. Siku ya pili alikuja na sururu yake. Choo kilipokwisha, ufunguo alipewa yeye, na anao mpaka leo.

Marehemu alikaa muda mrefu bila kazi. Katikati ya hali hiyo, tarehe 13 Desemba 2014, alifunga ndoa na Lynnette kanisani Changamwe. Mama Margret alimuuliza Lynnette kama anajua anaolewa na digrii isiyo na kazi. Lynnette akajibu, “Najua, Mama. Kwani saluni yangu imefungwa?” Mungu aliwajalia watoto wawili, Faith na Lenox.

Mwaka 2016 aliajiriwa kwenye ofisi ya mipango. Alizunguka Mtopanga, Frere Town, Mkomani, na kote alilaumiwa kwa barabara ambazo hakuzikata yeye. Swali lake la kwanza kila mkutano lilikuwa kibla kiko wapi. Aliuliza hata kwenye ukumbi wa kanisa Changamwe, watu wakacheka, naye akangoja wamalize, akauliza tena. Jioni alilala kwenye kiti na viatu miguuni, Lynnette akamvua.

Mwaka 2022 figo zilianza kumsumbua. Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki, na siku zinazobaki alikuwa mikutanoni. Jalila, mjukuu wa Mzee Hashim, alikwenda kumwona hospitalini akamuuliza, “Ami, hiyo kozi yako nikaisome?”

“Utalaumiwa na kila mtu, mwanangu.”

“Na kazi je, iko?”

“Iko, lakini utaitafuta mpaka uchoke. Na ukiipata utachoka zaidi.” Akajigeuza kitandani. “Kasome. Wewe kibla unakijua tayari.”

Jalila sasa yuko mwaka wa pili.

Erastus alifariki Jumanne tarehe 4 Novemba 2025, alfajiri, Lynnette akiwa amemshika mkono. Kuzikwa hapa Mtongwe, kwenye ploti yake, aliomba mwenyewe. Alisema safari ya Masii ni ndefu na yeye amechoka.

Ameacha mjane wake Lynnette, watoto Faith na Lenox, Mama Margret, na mdogo wake Dancun. Mungu amlaze vizuri, na safari hii asiamshwe na mtu kwenda mkutanoni.

Mzee Hashim ameomba radhi mapema kwamba hatakaa mpaka wasifu huu uishe. Wageni wa leo ni wengi, na ufunguo wa choo uko mfukoni mwake.