Aliyefunguliwa Haitwi: Maisha ya Kasimiri Leonardi Mnalima

Baba Padri, balozi wetu Mzee Shomari, ndugu mliosafiri kwa lori siku tatu kutoka Newala, na majirani wote wa Mbagala, ninawasalimu na kuwapa pole. Mimi ni Rosalia, mdogo wa marehemu na mwalimu wa shule ya msingi, na wajomba wamenituma nisome mimi kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza hivyo, na sababu yake mtaijua kabla sijaketi.

Kaka yetu Kasimiri Leonardi Mnalima alizaliwa tarehe 4 Machi 1929 huko Kitangari, wilaya ya Newala, akiwa wa kwanza kati ya watoto saba wa Mzee Leonardi Mnalima, mchonga vinyago, na Bibi Margareta, akabatizwa jina la mtakatifu wa siku hiyo, jambo lililowaepusha wazazi na ugomvi wa majina. Alianza shule ya misheni mwaka 1938, akamaliza darasa la nne mwaka 1941, na kama alifundishwa mwandiko mzuri basi aliuficha mpaka kufa kwake, maana barua zake zote niliziandika mimi, lakini mikono yake ilizijua mbao, akabaki misheni miaka mitatu akijifunza useremala.

Mwaka 1951 alikuja Dar es Salaam, akaajiriwa Kurasini na kampuni moja iliyonunua wanyama hai kutoka kwa wategaji na kuwapakia melini kwenda Ulaya, kazi yake ikiwa ni kuunda makreti ya kuwasafirishia. Tarehe 12 Juni 1954 alirudi Newala kufunga ndoa na shemeji yetu Yuliana Chitanda, wakajaliwa watoto watatu, Marselino, Margareta na Felicitas, na mwaka 1958 mimi nikachukuliwa kuishi nao ili nisome.

Marehemu alijivunia makreti yake, kwani hayakupasuka baharini, wala bawaba zake hazikulia, mpaka mwaka 1965 kreti lake moja liliporudi tupu na meli, akalifungua alitie mafuta, akakuta upande wa ndani, palipo na komeo, mbao ya mninga imelika kama kizingiti cha nyumba ya zamani. Fundi huisoma mbao, naye alisoma kwamba mnyama aliyesafirishwa humo alilihangaikia komeo lile kwa vidole vyake safari nzima. Alilileta kreti lile nyumbani, likakaa ukumbini, na shemeji aliyedhani ni kabati akaambiwa asiweke nguo humo.

Mwezi Machi 1967 kampuni ile ilifunga milango, wenyewe wakaondoka, wakaacha wanyama kumi na tisa uani, tumbili kumi na saba na mbega wawili, na hakuna aliyeulizwa watakula nini. Marehemu aliwaleta hapa Mbagala kwa mkokoteni, safari tatu, akawajengea banda katikati ya mikorosho. Shemeji Yuliana alifunga mzigo arudi kwao, akaahirisha kwa sababu ya mvua, na mvua ilipokatika alikuwa amekwisha kuzoea. Majirani mlioliwa mihogo mlishitaki kwa Mzee Shomari, ambaye wiki hiyohiyo marehemu alikuwa amemtengenezea kitanda, mkasema kesi ya ngedere imepelekwa kwa nyani, na mlisema kweli.

Mwaka 1968 alikuja Bwana Nyama, yaani afisa wa serikali wa wanyamapori, Bwana Elinaza, mwenye bunduki begani, kuuliza wanyama hawa wanafugwa kwa ruhusa ya nani, na marehemu akamjibu kwamba hafugi, anawarudisha walikotoka. Bwana Elinaza alikaa tangu asubuhi hadi alasiri, akala muhogo, akaondoka, na baada ya wiki mbili akarudi na barua ya kibali, pamoja na tumbili aliyechukuliwa kwa nguvu kutoka baa moja ya Temeke, aliyefundishwa kunywa bia. Tangu siku hiyo kila mnyama aliyekamatwa kwenye minyororo ya watu aliletwa hapa.

Sasa nafika pale alipotaka nifike. Miongoni mwa wale wa kwanza alikuwamo tumbili jike mdogo, ambaye mimi nilimwita Mwali kwa kuwa alipenda kukaa ndani, nikamlisha ndizi kwa mkono wangu, nikamfundisha kuja nikimwita. Mwezi Mei 1970 marehemu aliwapeleka yeye na wenzake msitu wa Vikindu, wakaachiwa, na Bwana Elinaza akathibitisha kwamba wanakula na kulala juu ya miti kama wenzao. Jumapili tarehe 16 Agosti mwaka huohuo, baada ya misa, nilikwenda Vikindu na mchumba wangu, karani wa bandarini, Bwana Kamugisha, ambaye leo amekaa pale penye viti vya wakwe na anatazama chini, nami kwa kutaka kumwonesha mambo yetu nilisimama kando ya msitu nikamwita Mwali kwa jina lake. Alishuka, akaja, tukacheka sana. Tulipoondoka alitufuata mpaka kwenye mashamba, nikamfukuza, akadhani ni mchezo, na asubuhi yake akawaendea walinzi wa shamba la mahindi kama alivyoniendea mimi, wakampiga kwa rungu.

Marehemu alimzika chini ya mkorosho wa pili kutoka kisimani, hakuuliza aliyemwita ni nani, nami sikusema. Alichofanya ni kulivunja banda lote na kulijenga upya na kidirisha cha kupitishia chakula ili mkono wa mtu usionekane, akawa anafuata majani na matunda ya mwituni Vikindu kwa baiskeli kila alfajiri, akawaunganisha wanyama mpaka wawe ukoo mmoja wenye mkubwa wao, akakataza kuwapa majina, na akatuwekea sheria ya nyumba hii, kwamba aliyefunguliwa haitwi. Kwa sheria hiyo alirudisha porini wanyama mia moja na kumi na wawili, huku akifanya useremala kwenye karakana ya serikali Chang'ombe, na mimi nilimsaidia miaka kumi na tatu nikiwa na neno moja kooni.

Mwaka 1981 alianza kuugua kifua kwa vumbi la mbao, na tarehe 28 Oktoba mwaka huu alilazwa Hospitali ya Temeke, wakiwa wamebaki tumbili saba wakingoja mvua za vuli. Jumanne tarehe 8 Novemba aliniita akaniagiza nikawafungulie mimi, nikakataa, nikalia, nikamwambia habari ya Mwali. Alijibu kwamba aliijua tangu siku ya kwanza, maana Mwali hakushuka kwa sauti nyingine yoyote, na kwamba hakunilaumu kwa sababu alikuwa akiniona nikimfundisha, akapendezwa kutazama, akaniacha niendelee. Ndipo akaniagiza nisome mimi siku ya maziko yake, ili neno lile nilitoe mbele yenu lisinikae kooni tena.

Alhamisi tarehe 10 tulikwenda Vikindu na Bwana Elinaza, Marselino na mume wangu Bwana Kamugisha, tukafungua, wakatoka sita bila kugeuka, na wa saba akasimama juu ya tawi akanitazama. Nakiri kwamba nilikuwa nimempa jina kimoyomoyo, na jina hilo lilinifika ulimini. Sikuita, naye akaenda zake. Nilipomweleza marehemu aliuliza jambo moja tu, kama bawaba ililia, nikamwambia haikulia, akafurahi. Alifariki Jumamosi tarehe 12 Novemba 1983, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne, ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu watano.

Familia inawashukuru waganga na wauguzi wa Temeke, mafundi wenzake wa Chang'ombe waliounda jeneza hili, Bwana Elinaza na ofisi yake, na nyinyi majirani ambao mihogo yenu haikulipwa.

Kaka Kasimiri, nilikupenda, na nyumba itakuwa kimya mno. Umefunguliwa, nasi hatutakuita. Pumzika kwa amani.