Mwalimu Matope, Mwenye Masomo Yake

Wasifu huu umeandikwa na dada mkubwa wa marehemu, na hakuutaka. Ukoo umejaa wasomi wenye miwani na vyeti ukutani, lakini kalamu imeletwa kwake yeye aliyeishia darasa la tatu. "Wewe ndiye uliyemlea, mama mkubwa," mabinti wa marehemu walimwambia. Haya. Amelea, atasema. Atakayeona herufi zimepinda, apinde shingo asome.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1958, kitinda mimba wa fundi bomba na mkewe, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga yenye mfereji mmoja uani. Mama yao alirudi mapema kufua nguo za watu, hivyo aliyembeba mgongoni ni dada yake. Alipojua kutembea hakukamatika. Mvua ikinyesha yuko uani, amechutama anafuata maji kwa macho. Akichapwa anauliza, "Kwani haya maji yanaenda wapi?" Dada yake alimvuta mpaka mferejini. Alimwosha miguu tu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1966, akamaliza sekondari 1976 na chuo cha ualimu Novemba 1978. Dada yake aliacha shule ili nyumba isikose mtu wa kupika. Halalamiki, anataja tu ijulikane.

Januari 1979 alipangiwa shule ya msingi iliyo karibu na kiwanda cha matofali, akafundisha hapo hapo mpaka alipostaafu mwaka 2018. Darasa lake lilikuwa la mwisho kwenye ujia, sakafu imechimbika, madirisha hayana vioo. Alisema dunia ni mwili mmoja, hewa na maji na udongo na vyote vyenye uhai, na mwili haujulikani kwa kuchorwa ubaoni. Basi alizipa kona za darasa kazi: hii bahari, hii wingu, ile udongo, ile mti. Kila mtoto alikuwa tone la maji, akirusha dadu imwambie aende wapi. Kuna mmoja alirusha kipindi kizima asitoke kona ya bahari, akanuna. "Mwalimu, mimi sitoki humu?" "Matone mengi hayatoki upesi, baba. Tulia, ndivyo bahari ilivyo." Mtoto yule leo ana watoto wake, yupo hapa msibani, na wenzake bado wanamwita Bahari.

Jina la Mwalimu Matope alilipata kwa makasha yake mawili ya mbao. Moja lilikuwa na udongo mtupu, jingine udongo ulioota nyasi. Watoto walimwagia yote mawili kwa kopo la matundu, wakakinga maji upande wa chini. Ya kwenye nyasi yalitoka maangavu, ya kwenye udongo mtupu yalitoka kama chai ya maziwa. Walilowa mpaka viwiko, lakini hakuna aliyesahau.

Makasha hayo ndiyo yaliyomletea mume. Maseremala wawili walimcheka mwalimu anayetaka kasha linalovuja. Wa tatu aliuliza, "Livuje upande gani?" Wakafunga ndoa tarehe 20 Agosti 1983.

Mwaka 1996 shule ililetewa mwalimu mgeni, binti mdogo asiyejua pa kuanzia. Marehemu alimshika mkono, akamfundisha kila zoezi, akamlisha sahani moja na wanawe. Wakawa chanda na pete. Huyo ndiye mwalimu mkuu wa leo, aliyeketi mstari wa mbele.

Mwaka 2014 wakubwa wa elimu walikuja kutazama ubunifu wa shule, wakaambiwa ubunifu huo ni wa huyo rafiki. Marehemu alikalishwa nyuma. Sasa, nyasi zile hupandwa wiki kadhaa kabla, mizizi ishike. Rafiki alizikata asubuhi ile akazitandaza juu ya udongo kama mkeka. Maji yalipomwagwa, nyasi na tope vikashuka pamoja mpaka kwenye viatu vya wageni. Marehemu akainuka, akayaleta makasha yake kutoka darasani kwake, akaonyesha. Wageni wakapiga makofi. Rafiki akasema, "Asante sana. Huyu ni mama anayenisaidia kuandaa vifaa."

Alirudi nyumbani akakaa jikoni bila kuvua viatu. "Ameniita mama wa vifaa, dada." Dada yake alikuwa ameshafika mlangoni aende kumkabili rafiki huyo, marehemu akamvuta nguo. "Wacha. Watoto wameyaona maji." Mwaka uliofuata mazoezi yale yakapigwa chapa, yakasambazwa shule nyingine, makasha, kona za matone, kila kitu. Jina lililo juu ya kitabu si lake.

Tarehe 3 Februari 2023 alipatwa na kiharusi, kikamnyang'anya mkono wa kulia na nusu ya maneno. Rafiki alikuja mara moja, na hakuja kuuguza. Mtungi wa kioo uliofungwa ambao marehemu aliuacha shuleni, wenye mmea na mvua yake humo ndani, ulikuwa unanuka darasani. Marehemu akamweleza kwa mdomo uliopinda: maji yamezidi, ufungue, ukaushe, tia mkaa chini ya udongo. Mgeni alipotoka dada yake akawaka. "Unampa tena?"

"Uvundo wanauvuta watoto, dada. Si yeye."

Alifariki nyumbani tarehe 11 Mei 2024, saa nne asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono. Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watatu, na dada ambaye hakutegemea kumzika mtu aliyembeba mgongoni. Mungu amlaze mahali pa utulivu, apate amani aliyonyimwa kazini.

Ratiba inasema mwalimu mkuu anafuata kutoa salamu za shule. Mwalimu mkuu, usituambie alikuwa mpole na mchapakazi, hayo tunayajua. Tuambie masomo yale ni ya nani. Ulimkana mbele ya watu, mrudishie mbele ya watu. Nawe uliyeshika karatasi hii, akianza kuzunguka, simama umuulize. Usimwachie bibi kizee kazi hiyo peke yake.